Kwa Wahitimu wa Uhandisi wa Migodi: Tazameni Chini ya Lundo

Jua ni kali na majoho ni mazito, kwa hiyo nitasimulia habari ya lundo moja tu.

Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya saa tatu asubuhi, lundo la mabaki ya makaa ya mawe liliporomoka juu ya kijiji cha Aberfan, Wales, likaifukia shule ya msingi ya Pantglas. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo hilo, namba 7 la mgodi wa Merthyr Vale, lilianza kurundikwa mwaka 1958, juu ya chemchemi zilizokuwa zimechorwa kwenye ramani. Maji yakakilowesha kifusi hadi kikatiririka kama uji. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri alikuwa amekwisha kuandika barua kuonya kuhusu tope lililomwagwa nyuma ya shule hiyo. Onyo lilikuwamo kwenye faili.

Tume ya uchunguzi iliilaumu Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe. Hata hivyo, zilichukuliwa pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi, tena wa wafiwa, ili kusaidia gharama za kuyaondoa malundo yaliyobaki. Zilirudishwa mwaka 1997, bila riba. Mimi hilo bado linanichoma.

Na msidhani mgodi ukifungwa lundo nalo limestaafu. Februari 2020, mvua za dhoruba Dennis ziliporomosha lundo la zamani huko Tylorstown, Wales. Safari hii hakufa mtu, lakini Wales ikaanza kuhesabu malundo yaliyoachwa, ikakuta zaidi ya 2,500.

Baadhi yenu mtafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, wengine ule wa Ngaka. Mkipelekwa kukagua lundo, urefu wake utapimwa tu. Anzeni na maji. Yanaingilia wapi? Yanatokea wapi, na yakitoka ni meupe au yana tope? Mtaro umeziba? Pandeni juu mtafute nyufa, kisha mshuke mtazame kama kitako kimevimba. Muulizeni mama anayechota maji bondeni. Chemchemi ikihama, yeye ndiye wa kwanza kujua. Na nendeni wakati wa mvua, maana kiangazi kila lundo lina adabu. Ripoti mkishaiwasilisha, daini jibu la maandishi, na lisipokuja, rudini tena ofisini kwa mkubwa hata akiwachoka.