JAGI LA FUTARI: TAMU YA ULIMI, MZIGO WA MWILI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe. Yameandikwa hapa ili na wewe msomaji upate faida.)



Kila sifa njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, mzazi wangu. Leo sitazungumza juu ya mambo yanayobatilisha saumu. Hayo masheikh wetu wanatufundisha kila siku baada ya Alasiri, na mimi ni mwanafunzi tu wa chuo kikuu, si sheikh wala daktari. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho ni halali, hakibatilishi saumu, na kila Magharibi kiko katikati ya jamvi. Nalo ni lile jagi. Juisi ya unga wa paketi, sharubati, soda ya baridi, na siku hizi kwa vijana, mikebe ya vinywaji vya kuongeza nguvu.

Tulipime hilo jagi

Chukua jagi la lita mbili. Mama anatia unga wa juisi, anatia maji, kisha anatia sukari kikombe kimoja. Kikombe hicho ni gramu 200 hivi. Jagi hilo linatoa glasi nane, kwa hiyo kila glasi ina gramu 25 za sukari. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4. Yaani kila glasi ni vijiko sita!

Sasa soda ya kola ina karibu gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Kumbe jagi letu la nyumbani na soda ya dukani ni ndugu, wamepishana kidogo sana. Chupa ya soda ya nusu lita ni vijiko 13. Mkebe mdogo wa kinywaji cha kuongeza nguvu, ule wa mililita 250, unafika gramu 27, na juu yake kuna kafeini inayokukosesha usingizi wa kabla ya daku.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na sukari iliyo katika juisi ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50. Likasema ni bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25. Hiyo ndiyo ile glasi moja, na bado hujanywa chai, hujagusa kaimati zilizolowa shira.

Fanya hesabu nyingine. Glasi mbili kila usiku kwa siku 30 ni gramu 1,500. Kilo moja na nusu ya sukari, na tumeinywa tu, hatukuitafuna.

Ikishaingia mwilini

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, ina sukari ya kama kijiko kimoja cha chai tu. Mwenyezi Mungu ameiwekea mizani. Kongosho linatoa insulini ili sukari iingie kwenye seli na damu irudi katika kiwango chake. Sasa wewe umeshinda na njaa mchana kutwa, adhana inalia, unamimina vijiko kumi na mbili kwa mkupuo! Kongosho linashtuka na kukimbia huku na huku. Ikiwa ni leo na kesho, litavumilia. Ikiwa ni kila siku, mwaka baada ya mwaka, ndipo mambo huharibika.

Kuna mambo mawili ya kuelewa. La kwanza, sukari ya kunywa si sawa na sukari iliyo ndani ya chakula. Ukila chungwa zima, nyuzinyuzi zake zinaipunguza kasi sukari, na baada ya mawili matatu umeshiba. Lakini glasi moja ya juisi inakamua machungwa matatu au manne, unaimaliza kwa dakika moja, na tumbo halihesabu kitu. Bado utakula sambusa, viazi na pilau kama kawaida.

La pili ni kuhusu ini. Sukari tunayotia kwenye chai ina nusu mbili, glukosi na fruktosi. Fruktosi kazi yake kubwa inafanywa na ini. Ikija kidogo, ini linaimudu. Ikija kwa wingi kila siku, ini huigeuza kuwa mafuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ini lenye mafuta na hajaonja pombe maishani mwake.

Matokeo yake ni unene, meno kuoza, na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti kadhaa, ulionyesha kuwa wanaokunywa glasi moja au mbili za vinywaji hivi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyozidi kwa asilimia 26 kuliko wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra. Si soda peke yake iletayo kisukari. Kuna urithi, kuna uzito, kuna kukaa bila mazoezi. Lakini urithi huwezi kuubadilisha. Glasi iko mkononi mwako.

Na kisukari tunakijua. Wengi wetu tuna bibi aliyepoteza macho, mjomba aliyekatwa mguu, au jirani anayekwenda kusafishwa damu kwa sababu figo zimechoka. Hata wenzetu wa Ghuba, tunaofanana nao kwa tende na sharubati za Ramadhani, wameliona. Mwaka 2017 Saudi Arabia na Imarati zilianza kutoza ushuru wa asilimia 50 kwa soda na asilimia 100 kwa vinywaji vya kuongeza nguvu.

"Kwani tende si sukari?"

Najua swali hili litakuja. Ni kweli, tende ni tamu. Lakini angalia mafunzo ya Mtume (S.A.W). Anas bin Malik (R.A) amesimulia kuwa alikuwa akifuturu kabla ya kuswali kwa tende mbichi, asipozipata basi kwa tende kavu, asipozipata basi kwa mafunda ya maji. Ni tende chache, zina nyuzinyuzi zake, unazitafuna, kisha unasimama kuswali. Mwili unapata nguvu kidogo na nafasi ya kutulia kabla ya chakula. Sisi tunakula tende moja ya sunna, kisha glasi tatu za desturi!

Na asali je? Na miwa iliyokamuliwa kwa ndimu na tangawizi? Ni neema za Allah, lakini mwilini bado ni sukari. Kipimo ni kile kile. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Israfu si kumwaga chakula jalalani tu. Hata kukimwaga tumboni ni israfu.

Mgeni tumpe nini?

Hapa ndipo penye uzito, akina mama. Mgeni akija afuturu kwako ukamtengea maji na tende, watasema nini watu? Ndugu zangu, mwalike mzee mwenye kisukari uone. Jagi linazunguka, kila mtu amejaziwa, naye anaona haya kukataa. Anakunywa ili asiuharibu ukarimu wako. Ukarimu huo umemfaa au umemdhuru?

Basi tuanze hivi. Maji na tende zitangulie, tuswali Magharibi, ndipo tule. Kikombe cha sukari kipunguzwe robo kila wiki. Ulimi huzoea, na hadi Idi utaona soda imezidi utamu. Maji ya ukwaju, maji ya ndimu na mnanaa, au dafu bila kuongeza sukari, yote yanakaribisha mgeni. Tikiti na embe zikatwe zitafunwe, zisikamuliwe. Watoto hawahitaji soda kama zawadi ya kufunga. Kiwango chao cha sukari ni kidogo kuliko chetu. Na baada ya daku tupige mswaki, manake mabakteria ya mdomoni hayafungi.

Neno moja kwa wenye kisukari. Muone daktari kabla ya kufunga, na ukiambiwa usifunge, sharia imempa mgonjwa ruhusa. Kuchoma kidole kupima sukari, wanavyuoni wengi wamesema hakuvunji saumu. Na ukiona kutetemeka, jasho na kizunguzungu, sukari imeshuka: fungua saumu hapo hapo unywe kitu chenye sukari. Hapo soda ni dawa, kwa kuwa inapandisha sukari haraka. Kasi hiyo hiyo ndiyo inayotudhuru sisi tusioihitaji.

Tumeweza kuacha hata maji kwa zaidi ya saa kumi na tatu kwa ajili ya Allah. Tutashindwa na kijiko? Mwili ni amana, na siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awaepushe watoto wetu na maradhi tunayoweza kuyazuia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Aleikum Warahmatullahi Wabarakatuh.