Kamera Isiyofika Mgunda Mkali

Leo tuko Manyoni, mkoani Singida, kwenye nyika ambayo misafara ya zamani iliiita Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. John Speke na James Grant waliivuka mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Grant alitoka pwani na kamera, tena alikwisha kupiga picha Unguja. Lakini kabla hawajaingia Ugogo, Speke aliirudisha. Alihofu joto la hema lingemuua mwenzake.

Hakuwa anatia chumvi. Enzi hizo kioo kilipakwa kolodioni, kikachovywa kwenye maji yenye nitrati ya fedha, kikapigiwa picha kingali kibichi na kusafishwa papo hapo. Kikikauka, basi tena. Kazi hiyo yote ndani ya kihema kilichozibwa mwanga, na mvuke wa etha puani!

Na hata kamera ingefika, maji Grant angeyapata wapi? Mgunda Mkali wapagazi walitoroka kwa njaa na shida. Nani angekubali kibuyu cha mwisho kikasuuze kioo? Mbele zaidi, Singida kwenyewe, kuna Singidani na Kindai, ila maziwa hayo ni ya chumvi. Nitrati ya fedha ikikutana na chumvi, maji hugeuka meupe kama tui, na dawa imeharibika.

Nafuu ilianza 1871, Mwingereza Richard Maddox alipotumia jelatini. Sasa vioo vilitengenezwa mapema, vikabebwa vikavu ndani ya maboksi, na kusafishwa hata baada ya miezi. Lakini jelatini nayo haipendi joto: dawa ikiwa vuguvugu, picha huvimba na kubanduka kiooni. Mafundi wa nchi za joto wakaigandisha kwa shabu, wakafanya kazi usiku. Kwa hilo Singida ina bahati. Aliyeoga huko alfajiri ya Julai ananielewa.

Vioo vya kwanza vya jelatini havikuiona rangi nyekundu, ndiyo maana fundi aliwasha taa nyekundu chumbani akaitazama picha ikijitokeza bila kuiunguza. Buluu, kinyume chake, iliviunguza upesi. Kwa hiyo ukikutana na picha ya kale ya bara, udongo mweusi tii na mbingu nyeupe, usidhani mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ni udongo wetu uleule mwekundu, kiangazi.