SADAKA ILIYOGEUKA KUWA HAKI
Mada kwa viongozi wa walei juu ya historia ya vyama vya hiari vilivyopambana na kifua kikuu



Katika vikao vya halmashauri zetu swali moja hurudi kila mara: je, mgonjwa maskini asaidiwe kwa sababu tumemhurumia, au kwa sababu anastahili? Leo tunalitazama swali hilo kwa njia ya kifua kikuu, kwani vyama vya hiari vilivyopambana na ugonjwa huu vililikuta kabla yetu.

Mkoa wetu unaijua huduma ya hiari tangu zamani. Pale Karema, Daktari Adriano Atiman, katekista aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomea uganga huko Malta, alitibu watu wa ufuko wa Ziwa Tanganyika tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956. Lakini huduma iliyobebwa na mtu mmoja, hata awe mtakatifu kiasi gani, hufika pale tu miguu yake inapofika.

Vyama vya kupambana na kifua kikuu vilizaliwa Ulaya na Marekani wakati ugonjwa huo ulikuwa bado hauna dawa. Ishara yao ilichaguliwa mwaka 1902 mjini Berlin: msalaba wenye mikono miwili, ambao hadi leo waweza kuonekana katika mabango ya kifua kikuu. Mwaka 1904 karani wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alianzisha uuzaji wa stempu ndogo za Krismasi ili senti za watu wa kawaida ziwahudumie wagonjwa. Ziliuzwa zaidi ya milioni 4 mwaka ule wa kwanza. Tusilidharau jambo hili: hakuwa waziri wala tajiri, alikuwa mtu wa dirishani. Mwaka 1920 vyama vya nchi mbalimbali viliungana mjini Paris, ukazaliwa Umoja wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ambao baadaye ulijumuisha magonjwa mengine ya mapafu. Huku kwetu, hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926, na kwa miaka mingi tiba ilikuwa kupumzika, kula vizuri na kungoja.

Dawa zilipopatikana, tatizo halikuisha. Tiba ilichukua mwaka mzima au zaidi, sindano nyingi, safari ndefu. Mgonjwa alipata nafuu, akarudi shambani, akaacha dawa, ugonjwa ukarudi na ukali mpya. Wengi walimlaumu mgonjwa. Sisi twaona kwamba lawama hiyo ilikuwa rahisi mno.

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, kwa msaada wa Umoja huo. Mshauri wake mkuu alikuwa Daktari Karel Styblo, Mcheki aliyeugua kifua kikuu yeye mwenyewe akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hawakujenga hospitali zao wala kuandika jina la chama mlangoni. Waliingia ndani ya zahanati na hospitali zilizokuwapo, za Serikali na za misheni. Kila wilaya ikapata mratibu wake, hadubini ya kupima makohozi, dawa zisizokatika, na daftari. Daftari ndilo tunalotaka mlikumbuke. Kila mgonjwa aliandikwa jina, na mwisho wa tiba ilibidi ijibiwe: amepona, amekufa, au amepotea? Mpewa sadaka akipotea, hakuna anayeulizwa. Mwenye jina daftarini akipotea, mtu lazima ajibu.

Tiba ilipofupishwa hadi miezi minane, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wagonjwa wanne kati ya watano walipona. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya hatari mwaka 1993, njia iliyopendekezwa kwa ulimwengu ilitokana kwa sehemu kubwa na mafunzo ya Tanzania, nchi maskini.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa walioandikishwa nchini, waliokuwa takribani 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipita 60,000 katikati ya miaka ya 2000. Wodi hazikutosha. Kuanzia mwaka 2006 mgonjwa aliruhusiwa kumeza dawa nyumbani, akisimamiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Miaka hiyohiyo, huko Temeke, wagonjwa waliopona waliunda chama chao, MUKIKUTE, wakawa wanawatafuta wenye kikohozi mitaani.

Sasa turudi Mpanda. Mji huu ulikua kwa ajili ya mgodi. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa kufuata madini ya risasi. Leo vijana wetu wanashuka katika maduara ya dhahabu, na wengine husimama kutwa kwenye karasha bila hata kitambaa puani. Vumbi la mawe hutia makovu katika mapafu, makovu hayo hayaponi, na kifua kikuu hupata mlango. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda mwenye mwajiri. Mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe atamtaja nani? Akianza kukohoa, huambiwa apumzike kwao, na pale kwao husemwa amerogwa. Dawa ni bure, naam, lakini ubure huo unamngoja zahanati, yeye hana nauli.

Basi kila jumuiya iliyo karibu na machimbo ianze kwa kuwajua wanaokohoa kwa wiki mbili au zaidi, wanaotoka jasho usiku na kukonda. Iteuliwe nani atawasindikiza kupima, na nani, kwa ridhaa ya mgonjwa, atakaa naye akimeza dawa hadi miezi sita iishe. Majina hayo yasisomwe kanisani. Na wenye maduara waombwe, kwa barua ya halmashauri, wamwagie maji mwamba wakati wa kutoboa. Nakala ya barua hiyo ipelekwe ofisi ya madini, na jibu, hata kama ni kimya, liandikwe katika daftari la kamati.