Spika na Maiki ya Nyuma katika Gari la Wagonjwa

Leo twapenda kusema nanyi juu ya redio ya upepo iliyomo katika gari la wagonjwa, na juu ya kazi moja ndogo ambayo fundi hodari aweza kuimaliza kwa siku moja, yaani kuitilia redio hiyo spika ya pili na maiki ya pili huko nyuma alikolala mgonjwa.

Labda mmoja wenu atauliza, "Redio ya nini tena, na kila mtu ana simu mfukoni?" Swali hili ni la haki. Lakini simu ya mfukoni hutaka mnara, na ziko njia katika wilaya za mbali ambako gari huenda mwendo mrefu lisipate mnara. Redio ya mawimbi mafupi hurusha sauti juu angani, nayo hurudi chini ng'ambo ya milima, pasipo mnara hata mmoja njiani.

Polisi wa Detroit, katika Marekani, walikuwa na redio magarini mwaka 1928, lakini zilikuwa za kusikiliza tu. Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika New Jersey, wakaanza kusema na kujibiwa kutoka garini. Tangu zamani hizo maiki hukaa mbele kwa dereva, na katika gari la polisi hapana lawama, maana aketiye mbele ndiye mwenye kazi. Katika gari la wagonjwa sivyo. Mwenye habari ni mwuguzi, naye yuko nyuma, ameshika mkono wa mama atokwaye na damu. Daktari auliza kwa redio msukumo wa damu ni ngapi. Dereva ageuza shingo, apaza sauti. Mwuguzi ajibu "tisini". Injini yanguruma, mawe yagonga chini ya gari, na dereva ampelekea daktari "sitini". Herufi mbili zimebadilishana mahali, na daktari atatoa amri kwa hesabu isiyo ya mgonjwa yule. Tena dereva aliyegeuza shingo haoni njia. Kwa hiyo twaona yafaa mwuguzi aseme mwenyewe.

Twasema haya kwenu, si kwa mafundi peke yao, kwa kuwa ninyi ndio mkaao katika kamati za zahanati, nanyi mwaweza kumwuliza fundi maneno kabla hajalipwa.

Mwulizeni kwanza juu ya omu. Kila spika ina ukinzani wake, nao huandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 4 au 8. Redio nyingi za gari zimeundwa kulisha spika zisizopungua omu 4. Sasa, spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hazifanyi 8, bali hupungua zikawa 2, na redio hutoa nguvu kupita kiasi chake, ikapata moto, hata pengine ikafa. Mbili za omu 8 zikiunganishwa hivyo hufanya 4, na redio hukaa salama. Katika redio nyingi pia nyaya zote mbili za spika huchukua sauti, wala hata mmoja haupaswi kugusa bodi ya gari. Yuko fundi apendaye kufunga mmoja katika chuma cha gari ili apunguze waya, kama afanyavyo kwa taa. Kwa redio za namna hiyo huo ni uharibifu mtupu. Na asome karatasi ya mtengenezaji, kwani ndiyo isemayo redio ile ni ya namna gani.

Spika ya nyuma iwe na kirungu chake cha kupunguzia sauti. Mgonjwa naye ana masikio, na jamaa zake wamekaa pale. Si kila neno la daktari lafaa kusikiwa na wote.

Maiki ndiyo yenye matata zaidi. Iwe ya namna ile ile ya mbele, maana ziko maiki zinazotaka kupewa umeme kidogo na redio, na nyingine hazitaki. Kitufe cha nyuma kikibonyezwa, kifungue maiki ya nyuma peke yake. Zikifunguka zote mbili, ngurumo ya injini itakwenda pamoja na sauti ya mwuguzi. Waya wake uwe ule uliozungukwa na wavu wa shaba, na wavu ufungwe upande wa redio tu, upitishwe mbali na alteneta, ama sivyo daktari atasikia mlio upandao na kushuka kwa kadiri dereva akanyagavyo mafuta. Mahali waya upitapo katika tundu la chuma, patiwe mpira, kwani ukingo wa bati hukata polepole kama msumeno. Na kiwepo kilabu cha kutundikia. Maiki iliyotupwa juu ya kiti hukaliwa, kitufe chake hubonyea, na redio zote za mkondo ule huzibwa hata atakapoinuka aliyeikalia.

Fundi akidai kuvuta waya mpya kutoka betri kwa ajili ya spika ya kawaida na maiki, mwulizeni sababu. Vyote viwili hulishwa na redio yenyewe.

Kazi ikiisha, msiipokee gari likiwa limesimama kimya. Mwuguzi aketi nyuma, injini iungurume, gari lipelekwe katika njia mbovu. Naye ahesabu kwa redio, sitini, sabini, themanini, tisini, na mtu aliyeko hospitali aziandike katika karatasi. Karatasi ile ikilingana na aliyoyasema mwuguzi, fundi apewe fedha zake.