Kocha Mpya na Daftari la Kocha Aliyeondoka



Usiku wa tarehe 27 Juni 2019 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao mbele ya televisheni ya duka la jirani yangu, pamoja na watu wapatao hamsini, wazee kwa watoto. Taifa Stars walikuwa Cairo, wakicheza na Harambee Stars wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali hizo tulikuwa tumezisubiri miaka 39. Simon Msuva akatutangulizia bao mapema. Kenya wakasawazisha. Dakika moja baadaye, wenzetu hawajamaliza kushangilia, nahodha wetu Mbwana Samatta akafunga la pili. Tukaenda mapumziko tukiwa mbele, na mwenye duka akauza soda zote alizokuwa nazo. Kipindi cha pili Kenya wakarudisha bao, kisha wakaongeza jingine. Mpira ukaisha tatu kwa mbili.

Ndugu wasikilizaji, kabla hatujafika majumbani kwetu usiku ule, kocha alikuwa amekwisha kufukuzwa. Shirikisho la mpira lilikuwa halijasema neno. Tulimfukuza sisi, njiani, katika giza, kila mmoja na sababu yake. Siku nne baadaye Algeria wakatufunga tatu bila, na mwezi Julai mkataba wa Emmanuel Amunike ukakatishwa kweli. Huyu ndiye tuliyekuwa tukimwimba Uwanja wa Taifa tarehe 24 Machi mwaka huo huo, vijana wake walipowafunga Uganda tatu bila na kutupeleka Misri. Kutoka shangwe hadi kwaheri haikupita miezi minne.

Asubuhi yake swali likawa moja tu kila kijiwe: sasa aje nani? Fundi baiskeli akataka Mzungu. Muuza magazeti akataka mzalendo. Kijana mmoja wa chuo akasema aje yeyote, mradi si huyu. Hapo ndipo nilipokaa kimya, na ukimya huo una kisa chake. Nitakieleza baadaye kidogo.

Kwanza tuitazame hesabu. Mwaka 2006 alikuja Marcio Maximo kutoka Brazil. Alipoondoka mwaka 2010 akaja Jan Poulsen wa Denmark. Baada yake, mwaka 2012, akaja Mdenmaki mwingine, Kim Poulsen. Mwaka 2014 tukamwona hafai, tukamleta Mart Nooij wa Uholanzi. Juni 2015 tukafungwa tatu bila na Uganda, tena nyumbani, kule Zanzibar, naye akaenda zake. Tukasema sasa basi na wageni. Tukampa Charles Boniface Mkwasa, kisha Salum Mayanga. Tukasema sasa basi na wenyeji, akaja Amunike kutoka Nigeria. Baada ya Misri akaja Etienne Ndayiragije wa Burundi. Na mwaka 2021, ndugu wasikilizaji, alirudi nani? Alirudi Kim Poulsen, yule yule tuliyemwona hafai miaka saba kabla.

Simcheki Kim Poulsen, wala simlaumu aliyemrudisha. Ninachouliza ni hiki: kama alikuwa hafai mwaka 2014, alifaa vipi mwaka 2021? Na kama alifaa, kwa nini aliondoka? Nadhani jibu ni kwamba mara zote mbili hatukuwa tunaamua habari zake. Tulikuwa tunaamua habari za hasira zetu.

Wako watakaoniambia kwamba dawa ni subira. Wana ushahidi, tena mzuri. Septemba 2007 Msumbiji walitufunga bao moja bila Dar es Salaam, uwanja mpya ukiwa ndiyo kwanza umefunguliwa, na ndoto ya kwenda Ghana mwaka 2008 ikafa pale pale. Watu walilia. Lakini Maximo hakufukuzwa, na mwaka 2009 aliipeleka timu Ivory Coast kwenye mashindano ya kwanza ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, ambako vijana wetu waliwafunga hata wenyeji. Wasenegali nao walimpa timu Aliou Cissé mwaka 2015. Mwaka 2019 alifika fainali akashindwa. Hawakumfukuza. Februari 2022 aliwaletea kombe ambalo Senegal haikuwa imewahi kulishika.

Lakini nisiwafiche upande wa pili, maana mzungumzaji anayechagua mifano inayompendeza tu ni sawa na refa aliyevaa jezi ndani ya shati lake. Januari 2024 Ivory Coast, wakiwa wenyeji wa fainali, walifungwa nne bila na Guinea ya Ikweta. Wakamwondoa kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset, katikati ya mashindano, wakamkabidhi timu msaidizi wake, Emerse Faé. Faé akachukua kombe. Mashindano hayo hayo, kocha wetu Adel Amrouche alifungiwa na Shirikisho la Afrika kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, akaondolewa, na timu akapewa msaidizi wake, Hemed Suleiman. Tukatoka sare na Zambia, tukatoka sare na Kongo, na Novemba mwaka huo huo Hemed akatupeleka tena fainali kwa kuwafunga Guinea bao moja bila. Naye mwaka mmoja baadaye, fainali zikiwa mlangoni, akawekwa kando, akaletwa Miguel Gamondi wa Argentina. Kule Morocco timu ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu.

Kwa hiyo kubadili kocha wakati mwingine kunafaa, na kumvumilia wakati mwingine kunafaa. Hata lile la mgeni na mwenyeji halina jibu moja. Ni kweli kwamba tangu Kombe la Dunia lilipoanza mwaka 1930 hadi lile la 2022, hakuna nchi iliyolitwaa chini ya kocha wa kigeni. Hassan Shehata, Mmisri, aliipa Misri Kombe la Afrika mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010. Na sisi wenyewe tulipofuzu fainali za Lagos za mwaka 1980, kwa lile bao la Peter Tino kule Ndola, kocha alikuwa mwenzetu, marehemu Joel Bendera. Lakini ni kweli pia kwamba Zambia walilipata kombe lao mwaka 2012 na Hervé Renard, Mfaransa. Anayekwambia kwamba uraia wa kocha peke yake unatosha kuwa jibu, mwulize swali la pili.

Mimi swali langu la pili nalitoa Misri. Katika kundi letu walikuwamo Senegal na Algeria. Hao wawili ndio waliokutana kwenye fainali, na Algeria ndio waliochukua kombe. Kocha wa Algeria, Djamel Belmadi, aliajiriwa Agosti 2018. Amunike naye aliajiriwa na sisi Agosti 2018, mwezi ule ule. Mmoja alirudi kwao na kombe, mwingine alirudi na barua. Je, tofauti yao ilikuwa kichwani mwa makocha tu? Belmadi aliingia katika nyumba yenye wachezaji waliozoea ligi kubwa za Ulaya. Wetu aliingia katika nyumba ambayo mchezaji wa namna hiyo alihesabika kwa kidole, na kidole hicho kilikuwa ni Samatta. Sisemi Amunike hakukosea. Siku ile ya Kenya, timu iliyokuwa mbele mara mbili haikupaswa kupoteza mchezo. Nasema tu kwamba tulimpima fundi bila kutazama mbao tulizompa.

Sasa nije kwenye kile kisa changu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu wa kamati ya timu moja ya wilaya, ambayo sitaitaja. Kocha wetu alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi, mtu mzima, mpole, aliyekuja mazoezini kwa baiskeli na daftari la mistari mfukoni. Tulikuwa na mipira miwili, mmoja ukivuja upepo. Msimu ule tulifungwa michezo mitatu mfululizo. Jumapili jioni kamati ikakutana nyumba ya mwenyekiti. Kikao hakikumaliza nusu saa. Ikaulizwa: wanaotaka aondoke? Mikono ikanyooshwa. Na mimi nikanyoosha wangu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa katibu, mimi ndiye niliyeandika barua, kwa mwandiko alionifundisha yeye.

Tukaleta fundi kutoka mjini, mwenye filimbi na suti ya mazoezi. Alikaa miezi miwili, akaondoka kwa sababu hatukumlipa. Timu ikashuka daraja.

Miaka michache baadaye nilimkuta Mwalimu barazani kwake, macho yamepungua nguvu. Nikamwamkia: Shikamoo, Mwalimu. Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za watoto, akaagiza niletewe chai. Mimi ndiye nilianza, nikamwomba radhi. Akanitazama, akasema: "Mwanangu, kuondolewa si kitu. Kila kocha ana siku yake. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nilichokiona."

Akaingia ndani akatoka na lile daftari. Alikuwa ameandika kila mchezo. Beki wetu wa kushoto alikuwa akicheza na goti bovu, akificha ili asikose nauli. Vijana wawili walikuwa wakija mazoezini bila kula mchana. Golikipa alikuwa haoni vizuri jioni. Bao sita kati ya tisa tulizofungwa katika michezo ile mitatu ziliingia robo saa ya mwisho. Yote yalikuwamo mle, kwa kalamu ya wino wa buluu. Yule fundi wa mjini alikuja akaanza upya, na matatizo yale yale yakamngoja pale pale yalipokuwa, maana daftari lilikuwa limeondoka na mwenyewe kwa baiskeli.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo linalonifanya ninyamaze watu wanapouliza aje nani. Naona tunaanzia mwisho. Kabla ya kumtafuta kocha wa taifa, wakubwa wetu wa mpira wangefanya mambo matatu, na yote hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, anayeondoka aketishwe, kwa heshima, aeleze aliyoyaona: nani anachoka mapema, klabu gani inachelewesha wachezaji, ligi inatunyima wachezaji wa nafasi zipi. Yaandikwe na yakabidhiwe kwa anayekuja. La pili, kazi iandikwe kabla ya mtu kutajwa. Je, tunataka kufuzu mashindano ya mwakani, au tunataka kujenga timu ya vijana ya miaka sita ijayo? Hizo ni kazi mbili, huenda za watu wawili. Kumwajiri mtu kwa kazi ya pili na kumfukuza kwa kushindwa ya kwanza ni dhuluma, nasi tumeizoea. La tatu, siku ya kumwondoa kocha ikifika, maana itafika, wananchi waambiwe sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kusema tu kwamba pande mbili zimekubaliana ni kulifunika shimo kwa mkeka.

Nasi wapenzi wa mpira tuna letu. Kelele zetu za usiku ule njiani zilikuwa ni kura. Kiongozi anayezisikia hutafuta namna ya kuzituliza, na njia rahisi kuliko zote ni kumtoa mtu mmoja. Sisemi tusilalamike, tumeumia na tuna haki. Lakini mwenye kupiga kelele ajue anapigia nini.

Mwalimu wangu amekwisha kufariki. Lile daftari alinipa siku ile barazani, nami ninalo hadi leo, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kila mara redio inapotangaza kwamba kocha mpya wa Taifa Stars amepatikana, natamani mtangazaji aongeze sentensi moja tu: kwamba kocha huyo, kabla ya kutia saini, alikaa siku nzima na yule aliyemtangulia.

Nikiisikia sentensi hiyo, nitarudi kwenye lile benchi la duka la jirani na moyo mwepesi, tushinde au tushindwe.