Pikipiki Kuukuu na Ada ya Moshi: Msamaha Utolewe kwa Kipimo



Kwanza jambo moja liwe wazi, ili asipatikane mtu wa kurudi stejini na habari za kutisha. Hakuna ada ya moshi inayotozwa pikipiki ili iingie mjini Meru, wala Embu, Maua, Nkubu au Runyenjes. Kinachozungumzwa hapa ni kujiandaa. Miji kadhaa duniani tayari hutoza vyombo vinavyochafua hewa, na Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya ubora wa hewa ya mwaka 2021. Katiba ya Kenya yenyewe, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi mbili zinazokutana mahali hapa: kudhibiti uchafuzi wa hewa, na kusimamia uchukuzi wa kaunti pamoja na maegesho. Kaunti yenye kazi hizo mbili mkononi inaweza siku moja kuletewa mswada wa ada ya moshi. Siku hiyo swali la kwanza kutoka stejini litakuwa: je, pikipiki yangu kuukuu itasamehewa?

Swali hilo si dogo. Pikipiki mpya hununuliwa na mwenye akiba au mwenye kukubaliwa mkopo. Ile iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu ndiyo inayoanzia kijana asiye na dhamana, na ndiyo inayobeba maziwa alfajiri kutoka Manyatta, majani chai huko Imenti, miraa kutoka shambani hadi sokoni Maua, na muguka huko Mbeere. Nambari za pikipiki hapa nchini huanza na KM, na herufi zinazofuata humwambia mtu wa steji papo hapo kama chombo ni cha juzi au cha zamani. Afisa wa kutoza ada akitumia herufi hizo hizo, atakuwa amemtoza maskini kwa umaskini wake, na huenda asipunguze moshi hata kidogo.

Mji unaofaa kutazamwa ni London, kwa kuwa umeshapitia jambo hili na kutoa jibu zuri na jibu baya kwa pamoja. Tangu tarehe 8 Aprili 2019 mji huo una eneo ambalo chombo kisichofikia kiwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku kinapoendeshwa ndani yake. Eneo hilo lilipanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 likafunika mitaa yote ya London. Kwa ubadilishaji wa pesa wa miaka ya karibuni, pauni 12.50 ni zaidi ya shilingi 2,000, na hiyo ni ya siku moja. Pikipiki inayopita bure ni ile inayofikia kiwango cha Ulaya kiitwacho Euro 3. Kwa kawaida hizo ni zilizosajiliwa baada ya Julai 2007, kwa hiyo ya kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya kulipa hadi mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Wenye pikipiki za zamani wana milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni wa umri. Chombo kilichotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, kikisajiliwa katika kundi la vyombo vya kihistoria, hakilipi. Lakini kundi hilo kwa kawaida si la vyombo vya biashara. Mlango huu unawafaa wenye pikipiki za kupendeza macho, zile zinazotolewa Jumapili jua likiwaka. Mtu wa bodaboda hapiti hapo hata kama pikipiki ingekuwa ya babu yake.

Mlango wa pili ni wa kipimo, na huo ndio wenye somo. Mwenye pikipiki akileta hati ya mtengenezaji inayoonyesha kwamba injini yake haitoi zaidi ya gramu 0.15 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, anaondolewa ada. Asipokuwa na hati, anaweza kuipeleka pikipiki kwenye mashine ya roli, gurudumu likimbizwe pale pale, moshi upimwe. Gharama ya kipimo ni yake. Ikifaulu, nambari yake huingizwa katika orodha ya vyombo vinavyokubalika, na kamera haziisumbui tena. Kwa njia hii pikipiki ya 1999 inaweza kupita bure bila mwenyewe kumbembeleza mtu yeyote. Sheria imekubali kwamba mwaka wa kutengenezwa ni kisio tu, na kisio hubatilishwa na kipimo.

Hadi hapo mtu angeweza kusema: basi, mlango wa pili uigwe kama ulivyo. Hapo ndipo pana mtego.

London hupima oksidi za nitrojeni kwa kuwa hewa yake ilikuwa imejaa gesi hizo, na nyingi zilitoka kwenye magari ya dizeli. Gesi hizo hutengenezwa zaidi injini inapochoma mafuta kwa joto kali huku hewa ikiwa ya kutosha. Pikipiki inayonywa petroli kupita kiasi, yenye kabureta iliyolegea na filta iliyoziba vumbi la barabara ya Kiritiri, huungua kwa joto la chini zaidi. Inatoa oksidi za nitrojeni kidogo. Inachotoa kwa wingi ni kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Zile za zamani zaidi zinazochoma oili pamoja na petroli, kama Yamaha AG100 na DT ambazo wazee wanazikumbuka kwa maafisa wa kilimo nyanjani, huongeza wingu la buluu la chembe za oili. Nazo pia hutoa oksidi za nitrojeni kidogo.

Matokeo yake ni kichekesho. Kipimo cha London kikiletwa Gakoromone bila kubadilishwa, pikipiki inayomfanya mama wa mboga afunike pua kwa leso inaweza kupewa msamaha, na jirani yake iliyotunzwa vizuri ikatiliwa shaka. Ndiyo maana ombi lolote la msamaha kutoka kwa wahudumu wa kaunti hizi linapaswa kutaja moshi gani upimwe: kaboni monoksidi, petroli isiyoungua, na moshi unaoonekana kwa macho. Mbili za kwanza hupimwa kwa kifaa chenye mrija unaoingizwa kwenye eksozi injini ikinguruma pale pale iliposimama. Roli hazihitajiki, wala mashine ya kujaza chumba kizima.

Kuna jambo jingine ambalo mji wa tambarare hauna haja ya kuliwaza, nalo ni mlima. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, lakini kabureta ya kawaida haina macho ya kuona hivyo. Inaendelea kumimina petroli ile ile. Pikipiki iliyorekebishwa ikiwa Ishiara, kwenye joto la chini kule, ikapandishwa hadi Timau na abiria wawili, itatoa moshi mweusi zaidi na kunywa mafuta zaidi ingawa haina ugonjwa wowote. Mafundi wa Meru wanalijua hili bila kufundishwa darasani. Kwa hiyo kipimo kinachofanyiwa mahali pamoja kwa vyombo vya kaunti nzima, bila kujali kila chombo kinafanya kazi wapi, hakitakuwa cha haki. Aliyeandika kiwango akiwa ofisini Nairobi hatalikumbuka jambo hili asipokumbushwa.

Petroli yenyewe nayo si kosa la mwenye pikipiki. Kenya iliacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa 2005. Kisha mwaka 2018, baada ya watu kuzoea kuchanganya mafuta taa na mafuta ya magari, Sheria ya Fedha iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara kwa sababu kituo kiko mbali ananunua kwa imani. Pikipiki ikishindwa kipimo kwa sababu ya mafuta mabaya, adhabu isimwangukie yeye peke yake.

Wakenya wana mfano wa karibu wa tozo ya vyombo vya moto iliyosahau mambo kama haya. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024 baada ya wananchi kulipinga. Kodi ile ingehesabiwa kwa thamani, aina, ukubwa wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Kilichokuwa kikitoka kwenye eksozi hakikuwamo katika hesabu hiyo.

Je, nani mwenye uwezo wa kutoa msamaha? Wengi hudhani ni jambo la kumwona mkubwa fulani. Sivyo. Ibara ya 210 ya Katiba inasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Sheria ikiruhusu msamaha, kila msamaha lazima uandikwe kwenye kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ibara hiyo hiyo inakataza sheria kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake. Kwa maneno ya stejini: ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara kwamba "pikipiki za watu wetu hazitaguswa" haina uzito wowote mpaka iwe kifungu cha sheria kilichopitishwa na Bunge la Kaunti.

Pia ni vizuri kukumbuka kwamba hewa ina wenyewe. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na wa kwanza kuvuta moshi wa steji ni mhudumu mwenyewe, anayekaa pale kuanzia asubuhi hadi usiku. Mvua ikinyesha, pikipiki kumi zikajibanza chini ya bati moja na injini zinanguruma, hakuna anayeweza kusema moshi ule ni wa mtu mwingine. Ombi la msamaha linalosema tu "sisi ni maskini" litajibiwa na wazazi wa watoto wanaopita hapo kwenda shule, na wazazi hao watakuwa na haki.

Ombi lenye nguvu litakuwa la namna nyingine. Litasema pikipiki ya umri wowote isilipe ikiwa imefaulu kipimo. Litataka kipimo kifanyike karibu na watu, Siakago na Mikinduri na si makao makuu pekee, na bei yake isizidi pato la asubuhi moja. Litataka anayeshindwa mara ya kwanza apewe siku za kutosha kwenda kwa fundi na kurudi kabla ya kutozwa chochote, kwa sababu mara nyingi dawa ni filta mpya ya hewa, plagi, na skrubu ya kabureta kuzungushwa na mkono unaojua. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha ni gharama kubwa zaidi, na hapo chama cha akiba cha wahudumu kinaweza kuingia. Kuhusu pikipiki zinazochoma oili, heri kusema ukweli: nyingi hazitafaulu, na haifai ziombewe msamaha kwa sababu ya uzee. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ulipiga marufuku teksi za magurudumu matatu za injini ya namna hiyo tarehe 1 Januari 2003. Hapa kwetu zimebaki chache, na wenye nazo wanaweza kupewa muda wa kubadilisha badala ya kusamehewa milele.

Njia ya kulipeleka ombi ipo tayari. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria iliyo chini ya mamlaka yake. Ombi huandikwa na kupelekwa kwa Karani wa Bunge, na Ibara ya 196 inalitaka Bunge lishirikishe umma katika kazi yake. Kuhusu ada, msimu wa kuwa macho unajulikana. Mswada wa Fedha wa Kaunti unatakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya ule wa matumizi ya fedha kupita, kwa hiyo mara nyingi mazungumzo ya ada mpya huangukia kati ya Julai na Septemba. Chama cha steji kinachotaka kusikika miezi hiyo kinaweza kuanza sasa kuandika daftari: nambari ya kila pikipiki, mwaka wake, siku ilipotengenezwa mara ya mwisho, na kilichobadilishwa na fundi.