Daftari la Duka na Kodi ya Mfanyabiashara Mdogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya, na kuchapishwa humu kwa ombi la wanachama)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kodi. Naona baadhi yenu mmetazamana, kwani mmezoea kunisikia nikisema juu ya tohara na mirathi. Mimi si karani wala mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi. Lakini nimekaa dukani miaka ishirini na tisa nikiuza kanzu, kofia na vitambaa, na katika mambo ya kodi nimekosea kiasi cha kutosha kuwa na la kuwaambia.

Kwetu hapa Uganda neno kodi lina hofu ya zamani. Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900 yaliweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila kibanda. Baadaye ikaja kodi ya kichwa iliyopandishwa kwa kadiri ya mapato ya mtu, na wazee walio hapa wanazikumbuka alfajiri ambazo wanaume walilala migombani ili wasikamatwe. Kodi ile ilisimamishwa mwaka 2005, na mwaka 2008 ikafutwa kabisa. Imekwenda zake, walakini desturi ya kujificha imebaki, nasi tumewarithisha vijana ambao hawakuuona hata msako mmoja. Mfanyabiashara wa leo hajifichi migombani. Hujificha katika kutoandika. Hudhani ya kwamba asiyeandika haonekani. Nataka kuwaonyesha ya kuwa, kwa sheria ilivyo, asiyeandika ndiye alipaye zaidi.

Sheria ya kodi ya mapato, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, humtazama kwa njia ya peke yake mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi Shs. 150,000,000/-. Mwaka wenyewe huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Ambaye mauzo yake hayazidi Shs. 10,000,000/- halipi kitu. Kutoka hapo hadi milioni 30, asiye na daftari hulipa Shs. 80,000/-, na mwenye daftari hulipa shilingi nne katika kila elfu ya kile kinachozidi milioni 10. Kutoka milioni 30 hadi 50, asiye na daftari hulipa Shs. 200,000/-, mwenye daftari hulipa Shs. 80,000/- na nusu ya asilimia moja ya kinachozidi milioni 30. Madaraja mawili ya juu huenda kwa mtindo huo huo, na katika lile la mwisho, linaloanzia milioni 80, asiye na daftari hutozwa Shs. 900,000/-. Daktari, wakili, mhasibu na mkandarasi hawamo katika njia hii. Wao wana hesabu yao.

Sasa tumtazame mama auzaye nguo, mauzo yake ni Shs. 120,000/- kwa siku, naye hufungua duka siku 300. Hiyo ni milioni 36. Bila ya daftari atalipa Shs. 200,000/-. Akiwa na daftari atalipa Shs. 80,000/- na juu yake Shs. 30,000/-, jumla Shs. 110,000/-. Tisini elfu zimebaki nyumbani kwake kwa sababu ya kalamu. Sitaki kuwadanganya: ukiwa karibu na ncha ya juu ya daraja lako, tofauti huwa ndogo sana, na kwa mwenye mauzo ya milioni 30 kamili haipo kabisa. Walakini liko jambo kubwa kuliko tofauti hiyo. Asiye na daftari, ni nani atakayesema yumo katika daraja gani?

Hapa ndipo niliponaswa mimi. Mtu wa kodi alifika dukani kwangu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Nanyi mnajua duka la kanzu lilivyo siku zile: marobota hadi darini, na watu mlangoni wakingoja zamu. Akaniuliza mauzo yangu ya mwaka. Nikasema, "Ni kiasi tu cha kuishi." Akaomba kuona daftari, sikuwa nalo. Basi akatazama alichokiona, akaniweka katika daraja la milioni 50 hadi 80, nikalipa Shs. 400,000/-. Nilikasirika, nikasema maneno nyumbani ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema. Walakini yeye aliona duka la siku kumi, na mimi sikuwa na ushahidi wa zile siku nyingine zote.

Mwezi wa Julai uliofuata nikanunua daftari. Mwaka ulipokwisha, mauzo yalikuwa milioni 46, na kodi yangu ikawa Shs. 160,000/-. Nilifurahi, na laiti ningeishia hapo hotuba hii ingekuwa fupi.

Kabla ya mwaka ule nilikuwa na kijana dukani, mtoto wa ndugu yangu. Fedha zilikuwa hazitoshi kila nilipotaka kununua bidhaa mpya, nikamshuku. Sikumwona akichukua, nilijumlisha kichwani, na hesabu ya kichwani ilimhukumu. Nikamwondoa. Basi nilipolisoma daftari langu la mwaka mzima, kijana hayupo na mwuzaji ni mimi peke yangu, pengo lilikuwa pale pale. Nikafuata mstari kwa mstari. Harusi ya jirani, kutoka kwenye droo. Matanga, kutoka kwenye droo. Ada ya shule, sukari ya nyumbani, nauli ya mgeni. Jumla Shs. 5,300,000/-, zote kwa mkono wangu. Nilikwenda Iganga kumwomba radhi. Alinikaribisha, tukanywa chai, akasema amenisamehe. Dukani hakurudi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni kutenga fedha za duka na za nyumba. Jiandikieni posho ya mwezi kama anavyoandikiwa mtumishi, na ikiisha, imekwisha. Wenye kupokea malipo kwa simu wawe na laini ya duka mbali na laini ya nyumba. Sivyo, fedha ya mchango wa harusi itaingia katika mauzo, nawe utashindwa kueleza. Kila jioni, kabla ya kufunga mlango, andikeni kilichouzwa, kilichonunuliwa, kilichokopwa. Risiti zitieni katika bahasha ya mwezi wake, na zisichomwe kabla ya miaka mitano, maana sheria inataka zihifadhiwe muda huo.

Marehemu baba yangu aliandika madeni yake kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri ambayo hata leo naisoma kwa raha. Sheria ya sasa hutaka kumbukumbu ziwe kwa Kiingereza, na ukileta za lugha nyingine waweza kuamriwa uzitafsirishe kwa gharama yako. Binti yangu aliyemaliza sekondari ndiye anayenakili yangu kila Ijumaa. Watoto wetu tumewasomesha, tusiwaonee haya.

Jambo la pili ni kwa wenye faida nyembamba, kama wauza sukari na unga kwa jumla. Kodi niliyoieleza hutazama mauzo, haitazami faida. Mtu aliyeuza milioni 90 na kupata faida ya milioni 2 tu, hata akiwa na daftari, atalipa Shs. 430,000/-, zaidi ya humusi ya faida yake. Huyo sheria imemfungulia mlango mwingine: aweza kumwandikia Kamishna kuchagua kutozwa kwa njia ya kawaida, yaani juu ya faida. Katika njia hiyo mtu binafsi mkaazi halipi kodi juu ya Shs. 2,820,000/- za kwanza za mwaka, na huyu wa milioni 2 hatalipa kitu. Lakini ni lazima kila tumizi liwe na risiti yake. Asiye nazo asiuguse mlango huo.

Mmoja wenu ameniuliza kando kama kutafuta njia ya kupunguza kodi si wizi. Kuchagua njia ambayo sheria yenyewe imeiweka si wizi. Kuwa na madaftari mawili, moja la kuonyesha na moja la kweli, huo ndio wizi.

Na leseni ya biashara mnayoilipa manispaa si kodi ya mapato. Wengi huitundika ukutani wakadhani wamemaliza. Bado. Na atakayechelewa kulipa, riba ya adhabu ni asilimia 2 kwa kila mwezi, nasi tunajua tunavyolichukia neno hilo.

Nimalizie na zaka, kwani najua mtaniuliza mlangoni. Kodi haiwi zaka, wala zaka haiondoi kodi. Kodi hutazama ulichouza. Zaka hutazama kilichobaki mkononi siku mwaka wako wa Hijria unapotimia: bidhaa kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo, fedha taslimu, na madeni unayotumaini kulipwa, ukiondoa unayodaiwa. Ikifika nisabu ya dhahabu gramu 85, toa robo ya kumi. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, basi siku hizo mbili hazitakwenda pamoja, na daftari moja litazitumikia zote mbili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, ni ya kuandika madeni. Tumeihifadhi tangu utotoni, na madeni yetu tumeyaacha kichwani.

Daftari langu la mwaka wa kwanza nimelileta, lipo juu ya meza ile. Atakaye alifungue baada ya chai. Kurasa za Julai na Agosti msizicheke. Nilikuwa bado sijajua kupiga mistari.

Wassalamu alaikum.